Je, Waganda walibadilishwa dini, au walibadili wenyewe?

Swali
Ndugu zangu, masimulizi mengi ya Buganda (ufalme ulio katika Uganda ya leo) ya karne ya 19 hueleza kuingia kwa Uislamu na Ukristo kana kwamba wenyeji walikuwa udongo mikononi mwa wageni: watu wa pwani wakaleta hili, wamisionari wakaleta lile, nao wakapokea. Je, simulizi hiyo inawatendea haki?

Jibu la kwanza
Haiwatendei haki hata kidogo. Mwaka 1882 mapadri wa Kikatoliki, waliofika mwaka 1879, waliondoka Buganda wakahamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Kama imani ile ingekuwa mali ya wageni tu, ingezimika katika miaka hiyo. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe pale ikulu na Matia Mulumba huko Mityana waliendelea kuwafundisha wenzao, na mapadri waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Tena Mulumba huyo alikuwa Mwislamu, akajifunza kwa Waprotestanti, ndipo akabatizwa Mkatoliki. Mtu aliyepima dini tatu namna hiyo hawezi kuitwa mfuasi asiyejua alifanyalo.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, ila uamuzi wa mtu hauoti pasipo na ardhi. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa vijana waliotumikia ikulu, wanaoishi mbali na wazee wa koo zao, katika mahali ambapo elimu mpya ilijadiliwa kila siku. Waliitwa wasomaji, na neno lenyewe la Kiganda, *okusoma*, lilitoka katika Kiswahili chetu.

Muteesa, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, naye alichagua, lakini kwa kipimo chake: alifunga Ramadhani na kuhimiza sala, huku akikataa kutahiriwa kwa kuwa damu ya Kabaka haikupaswa kumwagwa. Mwaka 1876, vijana Waislamu walipokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, aliamuru wauawe. Alitaka dini iitii enzi, nao walikwisha kuamini kwamba iko amri iliyo juu ya amri yake. Na mgongano huohuo ndio uliorudi chini ya Mwanga, mwanawe aliyemrithi, hadi mauaji ya Wakristo huko Namugongo ya Juni 3, 1886.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Basi, waliobaki na dini ya balubaale, yaani miungu ya jadi ya Waganda, tuwaweke wapi?

Jibu la tatu
Tuwaweke palepale, miongoni mwa walioamua. Muteesa alipokuwa mgonjwa, mwishoni mwa mwaka 1879, mwakilishi wa Mukasa, lubaale wa ziwa, alipokewa ikulu ingawa mmisionari Mackay alipinga vikali. Wakuu waliounga mkono jambo hilo walikuwa wamewasikiliza Waislamu na Wakristo kwa miaka kadhaa. Walizijua hoja zao, wakazikataa. Kuwaita watu waliolala usingizi wa mila ni kuwanyima akili ileile tunayowasifia wasomaji.