Jirani mpenda mazingira kando ya ziwa: tumkaribishe au tumwogope?

Wadau, naileta mada hii kwa sababu inagawa watu. Wanaohamia kando ya ziwa wakiwa na ari ya kulitunza wanapokewa kwa hisia mbili. Kuna wanaosema ziwa limepata watetezi. Kuna wanaosema hawa wananunua viwanja, wanaziba njia ya kwenda majini, kisha wanaanza kumfundisha uvuvi mtu aliyezaliwa hapo.

Msimamo wangu: wakaribishwe kwa mikono miwili, lakini waingie kama majirani tunaobanwa na kanuni zilezile, si kama wasimamizi wetu.

Nianze na maji. Mwaka 1973, huko Ontario nchini Kanada, watafiti waligawa ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226 kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni. Upande mmoja wakaongeza fosforasi. Upande huo ukafunikwa na mwani hadi ukawa kijani, huku wa pili ukibaki safi. Sasa jiulize fosforasi inafikaje ziwani: tangi la maji taka linalovuja, mbolea inayosombwa na mvua, samadi, udongo wa ukingo uliofyekwa mimea. Mwani ukifa unaoza, uozo unamaliza oksijeni, na samaki wanakufa. Kwa hiyo jirani anayeacha matete yasimame mbele ya nyumba yake na kuondoa maji taka kwenye tangi lake kwa wakati anamsaidia mvuvi moja kwa moja, hata kama hawajawahi kusalimiana.

Ila wema wa nyumba moja hautoshi. Ziwa Washington, pale Seattle, lilichafuliwa kwa miaka mingi na maji taka. Mwaka 1958 wakazi walipiga kura kuunda chombo cha pamoja cha kushughulikia tatizo hilo, na kati ya 1963 na 1968 maji hayo yakaondolewa ziwani. Miaka ya 1970 ziwa likawa angavu tena. Wenyeji na wageni waligharamia kwa pamoja.

*

Mkuu mleta mada, umeeleza vizuri habari za maji, ila watu umewaruka. Hawa wakishakuwa wengi wanaanza: usianike nyavu hapa, usiegeshe mtumbwi pale, matete yasiguswe. Bei ya ardhi inapanda, mtoto wa mvuvi anakwenda kuishi mbali na ziwa. Uhifadhi gani huo wa kumwondoa mwenyeji?

*

Mkuu, hapo umenigusa, na sikupingi. Nimeona hoja nzuri ikiharibiwa na mtu aliyekuja jana na kutaka kuongoza kikao leo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia maji, misitu na uvuvi kwa pamoja. Katika zile zilizodumu aliona kwamba wanaobanwa na kanuni wengi wao wana sauti ya kuzibadilisha. Kanuni ya nyavu isiyopita kwa wavuvi haina uhalali, hata ikiandikwa kwa nia safi.

Ndiyo maana nataka njia ya kwenda majini na mahali pa kuegesha mitumbwi viandikwe kabla kiwanja hakijauzwa. Baada ya kuuzwa mnabaki kuombana.

Na tuwape kazi. Tangu 1865, alipoibuni mwanasayansi wa Italia Angelo Secchi, kuna sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, inayoshushwa majini kwa kamba hadi isionekane, kisha kina kinaandikwa. Mgeni mwenye ari ashike daftari, mvuvi ashike kamba na achague mahali, maana yeye ndiye anayejua samaki wanazaliana wapi. Mkipima hivyo kila mwezi, siku ya ubishi wote mtakuwa na namba mliyoiandika wenyewe. Na tangi linalovuja likiwa la mzee wa miaka yote, naye aambiwe, kwa heshima yake, lakini aambiwe.

Suala la matete ndilo bado linanisumbua. Yanachuja uchafu na kuhifadhi vifaranga vya samaki, lakini kuna watu wanaezeka na kusuka kwa hayohayo. Akate nani, kiasi gani, na katika msimu upi? Wenye uzoefu, leteni maoni.