Dodoma kumbi za mikutano tunazo, za maigizo je?

mtoto_wa_makole: Wakuu habari za humu. Tuna kikundi chetu cha ngoma na maigizo hapa Dom, juzi kati tulikodi ukumbi mmoja wa mikutano (jina naliacha), jamani watu wa nyuma hawakuona hata unyayo wa mchezaji, sakafu tambarare, jukwaa linaishia magotini, na wasanii wakitaka kubadili nguo lazima wakatize mbele ya mgeni rasmi. Hivi jengo moja haliwezi kubeba mikutano na sanaa kwa pamoja? Makao makuu haya toka 1973 yaliamuliwa!!

ramani_na_kokoto: Linaweza mkuu, ila inaamuliwa kwenye ramani, ukishapaua umechelewa. Mkutano unataka maneno yasikike vizuri kwa hiyo mwangwi uishe ndani ya kama sekunde moja hivi, ndo unaona mazulia, mapazia, viti vya sponji. Muziki usiopita kwenye spika unataka mwangwi ukae karibu sekunde mbili. Maigizo nayo yanataka viti vya kupanda ngazi, nafasi pembeni ya kujificha wasanii, na juu ya jukwaa uwazi mrefu wa kuvutia mapazia na mandhari, na huo uwazi ndo wa kwanza kufutwa hela ikipungua. Ukumbi wa Finlandia kule Helsinki, kazi ya msanifu majengo Alvar Aalto ya 1971, ilijengwa kwa muziki na mikutano, na 1975 nchi 35 zilisaini mkataba humo humo, lakini sauti ililalamikiwa miaka nenda rudi mpaka 2011 okestra zikahamia jengo lao jirani.

bint_chamwino: Kaka sauti sawa, ila mi naona shida geti. KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi la 1973, mtu hana mkutano wowote lakini anakata tiketi anapanda juu kuangalia mji, chini watu wanapiga picha. Hapa Jakaya Kikwete Convention Centre sisi wengine tunaijua kwa nje tu. Halafu muheme ule, ngoma ya Wagogo, akina mama ngoma wameibana mapajani, ukiwaweka mita thelathini na zulia chini umewaua, Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo (Kigogo) watu wanaona mpaka jasho.

Ilazo_B: Maji kwa mgao nyie mnataka theatre 😂

ramani_na_kokoto: @Ilazo_B cheka tu, ila mikutano peke yake haijazi mwaka. AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, wanapangisha ofisi kwenye yale majengo, ile mahakama ya Rwanda ya UN ilikaa mle mpaka 2015. Kodi kama ile ndo ingebeba jukwaa lenu, sharti tarehe za wasanii ziandikwe mapema, la sivyo semina zinawameza. @bint_chamwino hilo la muheme kweli, ukumbi mdogo watu wakizunguka pande tatu unatosha, mia tatu hivi.

mtoto_wa_makole: Nimeelewa, shukrani. Kwa sasa lakini, nani anajua bwalo la shule lenye jukwaa la maana, mitaa ya Kikuyu au Area D hapa Dom? Jenereta tunayo, viti tutabeba wenyewe.