Bweni jipya shule ya kanisa: mkopo, harambee au kupandisha ada? Naomba ushauri

Mjumbe_Makambako
Bwana asifiwe wadau. Mimi ni mjumbe wa bodi ya sekondari ya bweni ya kanisa huku Njombe. Kila Januari tunarudisha watoto nyumbani kwa kukosa vitanda, na inauma. Jumamosi bodi inakaa kuamua bweni jipya la wasichana tunalijengaje. Mezani kuna njia tatu: mkopo wa benki, harambee kwenye sharika zote za jimbo, au kupandisha ada. Mimi naegemea mkopo, maana washarika wamechoka na michango. Wenye uzoefu karibuni.

Mhasibu_Mafinga
Asifiwe sana. Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna atakayekushauri la maana. Vitanda vingapi? Gharama kiasi gani? Ada ni ngapi, na wanaodaiwa mpaka sasa ni wengi kiasi gani? Na hati ya eneo ina jina la nani? Hilo la mwisho lijibu kwanza.

Mama_Neema_Uyole
Harambee, ndugu yangu. Watu hawachoki na michango, wanachoka kutosomewa hesabu. Usharikani kwetu sikukuu ya mavuno mtu analeta jogoo, analeta mkungu wa ndizi, debe la maharage. Mnada unaanza baada ya ibada. Jogoo wa elfu 20 ananunuliwa elfu 50, aliyemnunua anamrudisha mezani ananadiwa tena, na tena. Jumapili inayofuata mzee wa kanisa anasoma kilichopatikana na mifuko ya saruji iliyonunuliwa. Fanyeni hivyo muone kama watu watachoka.

Kijana_Tukuyu
Shule ina ekari ngapi? Pandeni parachichi. Shule za kanisa huku kwetu zimekalia ardhi nzuri inaota majani tu, halafu zinakwenda kupiga magoti benki.

Mhasibu_Mafinga
Kijana, mche wa parachichi ukipandwa leo unasubiri miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya maana. Watoto wanalala wapi kwa sasa? Panda, lakini usiite hiyo njia ya kujenga bweni la mwakani.

Mwalimu_Kilolo
Kwa anayeegemea mkopo, soma hapa mpaka mwisho. Nilifundisha shule moja ya kanisa mkoani Iringa, jina naliacha. Walikopa wakajenga bweni zuri, vigae chini, bati la rangi. Rejesho likapangwa kila mwezi kuanzia Februari, kwa hesabu kwamba wazazi wanalipa ada Januari. Mzazi gani wa huku analipa ada yote Januari? Januari mkulima yuko kwenye palizi, hela yake imeishia kwenye mbolea. Ya mahindi anaishika kuanzia Julai.

Basi Februari mpaka Juni benki inakata chake kwanza, kinachobaki kinanunua unga na maharage, walimu tunaombwa uvumilivu. Tukavumilia. Mishahara ikarundikana. Zikatangazwa ajira za serikali, wa fizikia na wa hisabati wakaondoka ndani ya wiki moja. Nani angewalaumu, wana watoto. Kidato cha nne wakakaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa hisabati, wanafundishana wenyewe usiku prepo. Matokeo yalipotoka wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Bweni likabaki na vitanda vitupu upande mzima, na rejesho liko palepale. Bweni halikuwa na kosa lolote. Kalenda ya malipo ndiyo iliyoua shule.

Mjumbe_Makambako
Pole sana mwalimu. Nijibu maswali: vitanda 80, makisio ni milioni 200 pamoja na vyoo, mabafu na tangi la maji. Ada ni milioni 1.9 kwa mwaka. Wanaodaiwa wapo, orodha anayo mhasibu wa shule. Hati ni ya dayosisi.

Mhasibu_Mafinga
Basi bodi yenu haina uwezo wa kuweka eneo hilo rehani. Mali ya kanisa kwa kawaida iko chini ya wadhamini waliosajiliwa kwa Sheria ya Wadhamini, Sura 318, na wao ndio wa kusaini. Jumamosi mnaweza kupendekeza tu.

Hesabu nayo hii. Milioni 200, riba tuseme asilimia 16, miaka mitano: rejesho ni karibu milioni 4.9 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 58. Gawa kwa vitanda 80, kila kitanda kinadaiwa kama laki saba na thelathini kwa mwaka, mtoto hajala, mwalimu hajalipwa. Hapo ni vitanda vyote vimejaa na wote wamelipa.

Mama_Neema_Uyole
Na wakipandisha ada ili kufidia hilo, watawakosa hao hao watoto. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na 2022 wakafuta ya cha tano na cha sita. Mzazi anayekuletea mtoto leo anajinyima. Mwongezee laki tatu, atampeleka sekondari ya kata.

Fundi_Igawilo
Mnabishana hela, mimi naangalia jengo. Jengeni kwa awamu: msingi wa vitanda 80, ila mwanzo muezeke upande wa 40. Milango miwili, yote ifunguke kwa nje, na madirisha yasifungwe nondo zisizofunguka. Mwaka 1994 bweni la wasichana Shauritanga, Kilimanjaro, liliungua usiku, wakafa zaidi ya 40. Kila nikipewa ramani ya bweni naanza kwenye mlango. Na waiteni Zimamoto mapema, msisubiri mpaka mpige rangi.

Vitanda wekeni vya chuma. Mbao mtauziwa rahisi kwa sababu Mufindi iko jirani, lakini kunguni wakiingia kwenye maungio hamtawatoa.

Kijana_Tukuyu
Fundi, chuma Julai huko Makambako ni baridi mpaka kwenye mfupa. Mbao iliyotiwa dawa haina shida. Tatizo ni mabweni yasiyofagiliwa.

Fundi_Igawilo
Mtoto analalia godoro, halalii chuma. Nimechoma vitanda vya dabo deka kwa shule nyingi, sijarudishiwa kimoja kwa sababu ya kunguni.

Mwalimu_Kilolo
Jikoni mmepanga nini? Watoto 80 zaidi ni sufuria zaidi, na serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Hiyo gharama haimo kwenye milioni 200.

Mjumbe_Makambako
Haimo. Tunapikia kuni za mikaratusi yetu wenyewe. Nitaiweka.

Mama_Neema_Uyole
Pokeeni ada kwa mahindi pia, mwezi wa saba na wa nane. Mzazi analeta magunia, mnaandika kwenye risiti kwa bei ya soko ya siku hiyo. Shule inapata chakula cha muhula, naye hauzi kwa dalali kwa bei ya kutupa.

Mhasibu_Mafinga
Dada, hilo zuri, lakini kwa kilo. Mkipokea kwa gunia, kesho ni ugomvi: mmoja analeta lumbesa anataka ihesabiwe mbili, mwingine analeta gunia limelegea.

Mjumbe_Makambako
Mizani ya shule inaishia kilo 100 na haijakaguliwa siku nyingi. Wanaopokea mahindi, yakija mabichi mnayakataa au mnapunguza kilo?

Mama_Neema_Uyole
Sisi tunayaanika kwenye turubai uwanjani, mzazi anakuja kupimiwa yakishakauka. Wiki ya mvua ndiyo kazi.

Kijana_Tukuyu
Na ekari hujazitaja bado, mkuu.