Nguruwe alitufia kabla ya kisu: nusukaputi kwa mafunzo ya upasuaji wa ajali

BwanaMifugo_Moro
Wakuu, habari za leo. Mwezi uliopita niliitwa kulaza nguruwe wanne, kilo 40 hivi kila mmoja, madaktari wajifunze kuzuia damu ya ini na kushona moyo uliochomwa kisu. Wa kwanza alitufia hata tumbo hatujamnyoa. Vijana walimkimbiza bandani karibu robo saa, wakambeba miguu juu akipiga kelele, nikamchoma sindano huku anahema. Tulipomfungulia gesi ya usingizi, isoflureni, taya likakaza, miguu ikawa kama mbao, ngozi ikatoka madoa mekundu, joto likafika 42. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilikosea wapi?

DaktariWanyama
Pole sana mkuu. Dalili hizo ni za homa kali ya nusukaputi. Hurithiwa, na nguruwe wa mbegu za Pietrain na Landrace ndio wanaoandamwa zaidi. Gesi huiamsha, hofu huikoleza. Dawa yake ni dantroleni, nayo ni ghali. Ukiwa na shaka na mbegu, achana na gesi, tumia propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani.

Ila nguruwe hulazwa kuanzia bandani. Chakula kiondolewe jana yake jioni, maji abaki nayo. Azaperoni (ya kutuliza) na ketamini (ya usingizi) mchome shingoni nyuma ya sikio kwa sindano ndefu, maana dawa ikiishia kwenye mafuta haimshiki. Halafu tokeni, zimeni taa, mwacheni dakika 15. Kanula (kijibomba cha kupitishia dawa) iende mshipa wa sikio. Funga raba kwenye shina la sikio utauona umetuna.

Mpira wa koo, ule wa kupumulia, ndio mtihani. Koo lake refu, jembamba, lina kijifuko kinachonasa ncha. Puliza lidokeini (dawa ya ganzi), subiri, kisha uzungushe mpira taratibu. Usisukume.

NesiUsingizi
Mimi ni wa upande wa binadamu. Mtu mmoja akae kichwani mwa mnyama, asishike mkasi wala asishangae upasuaji. Bana kati ya kwato kupima usingizi. Akivuta mguu, wasimamishe wote. Damu ikishapotea presha hushuka, na watu hutamani kufunga dawa ya usingizi. Punguza kidogo, ongeza dripu, lakini fentanili, dawa ya maumivu, isikatike. Na asizinduliwe: pentobabitali, dawa ya kumuua, aipate akiwa bado usingizini.

BwanaMifugo_Moro
Asanteni sana. Nimempigia mfugaji sasa hivi: baba yao ni Pietrain. Safari ijayo taa nitazima mwenyewe.