Naomba ushauri: kupuliza kioo au kuyeyushia kwenye kalibu?

Wakuu habari. Niko mwaka wa pili chuo cha sanaa hapa Uingereza, nasomea kioo. Muhula ujao lazima nichague: kupuliza kwa bomba mbele ya tanuri, au kuyeyusha vipande kwenye kalibu ndani ya joko.

Moyo uko kwenye kupuliza. Ukichota kioo kwenye nyuzi 1,100 hivi kinaning'inia kama asali. Acha kuzungusha bomba sekunde mbili tu, kimeshapinda. Shida huja baadaye. Wiki iliyopita niliweka bakuli kwenye joko la kupoozea, linaloshusha joto la kioo polepole, asubuhi nikalikuta limepasuka toka kitako hadi mdomoni. Fundi akauliza, "Ulichanganya vioo?" Kweli, nilibandika kipande cha chupa ya kijani. Vioo vya aina mbili havisinyai sawa vikipoa, kimoja humvuta mwenzake mpaka kitu kinapasuka.

Nikimaliza nataka kurudi Kenya. Najua Kitengela, nje ya Nairobi, wanapuliza kwa vioo chakavu. Lakini tanuri la kupulizia huwezi kulizimazima, linakula mafuta usiku na mchana. Joko unawasha ukiwa na kazi.

Mliopita njia hii, mngechagua lipi? Na vioo vya dirisha vilivyotupwa mnavipooza kwa nyuzi ngapi, kwa saa ngapi, bakuli likiwa na unene wa sentimita moja? Msinicheke, lile lilikuwa zawadi ya mama.