Boti za mashine na sisi wa tanga: nani ampishe nani hapa Amu (Lamu)?

Nahodha_Shela:
Salaam aleikum wadau. Nina mashua ya futi 26, nabeba wageni kati ya Shela na Amu mjini. Msimu huu wa kusi, ukitoka mjini kwenda Shela upepo ni wa mbele, kwa hivyo ni kubisha tu, yaani kukata upepo kwa pembe: huku mpaka mikoko ya Manda, kule mpaka karibu na gati. Shida ni boti za faiba, hizi za mashine. Tunapogeuza, mmoja kashika demani, kamba ya tanga, mwingine anaipitisha foromali, ule mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti, chombo hakina mwendo hata kidogo, na hapo ndipo boti inatupita mbio karibu na tezi, nyuma ya chombo. Mawimbi yanapiga ubavuni, foromali inayumba juu ya vichwa vya watu. Juzi mama mmoja alilowa mpaka mtandio, na kijana wa boti akanipungia mkono huku anacheka! Sitaki ugomvi, wengi wao ni watoto wa majirani. Sheria ya bahari inasemaje? Au mwenye mashine ndiye mwenye njia?

Mashine40:
Waaleikum salaam nahodha. Mimi ni wa upande wa pili, naendesha boti ya abiria, ingawa nimelelewa kwenye jahazi la baba. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za 1972, ziko wazi. Ya 18: chombo cha mashine kinapisha cha tanga. Ya 13: anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayekwepa, awe wa mashine au wa tanga. Huyo kijana hana pa kujitetea.

Ila nanyi mtusikilize. Anayepishwa naye anatakiwa ashike njia yake na mwendo wake ule ule. Nikikuona unaelekea Manda, nalenga kupita nyuma yako. Ukigeuka ghafla puani mwangu kwa sababu mgeni anataka picha, unataka niende wapi? Halafu wengi wenu mna kimashine nyuma. Kikishanguruma, hata tanga likiwa juu, wewe ni boti kama mimi. Na mle Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakitoka, nina abiria wa Faza, penye kina ni mstari mwembamba tu. Hapo wa tanga asinizibie.

BintiKizingitini:
Kaka Mashine, mbona mawimbi hujayagusa? Vijana wakiona tanga hupunguza mashine nusu, wakidhani ndiyo adabu. Hapo tezi inazama, pua inapanda, na boti inaburuta wimbi kubwa kuliko ilipokuwa inateleza juu ya maji. Ama upunguze mapema mpaka ikae sawa, ama upite mbali. Ndugu yangu ana faiba, nimemwambia mpaka nimechoka.

Na siku ya mashindano ya majahazi kwenye tamasha ndiyo msiniambie. Boti zimejaa mashabiki, zinafuata chombo chao ubavu kwa ubavu, ati wanashangilia! Wanachafua maji, na chombo wanachokipenda ndicho cha kwanza kupoteza mwendo.

Nahodha_Shela:
Ahsante dada. Lakini wenye mashine nisiwadhulumu, upepo ukikata jioni hututupia kamba, na hawaulizi pesa. Kaka, usiku je? Na tanga kwa tanga?

Mashine40:
Usiku, chombo cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kuweka taa, kiwe na tochi tayari, iwashwe mapema, si mashine ikishafika. Yako futi 26 ni karibu mita 8, kwa hivyo wewe ni taa kabisa. Tanga kwa tanga: kama mnapata upepo pande tofauti, anayeupata kutoka kushoto anapisha. Mkiwa upande mmoja, aliye juu ya upepo, yaani upande unakotoka upepo, anampisha aliye chini. Na huyo kijana, kama ni wa boti ninayoidhania, kesho asubuhi nitamkuta gatini Mokowe.