Kijana anamkagua simu mtoto wa kaka yangu, niingilie vipi?

MamaVitumbua_Mikindani: Habari za jioni wadau. Naishi na mtoto wa kaka, kidato cha tatu, miaka 16. Ana kijana wa bodaboda hapa hapa Mikindani. Msimu wa korosho alimnunulia simu, na nywila anayo yeye. Binti akichelewa kujibu, anafuatwa hadi mlangoni pa tuisheni. Juzi nimeona alama za vidole mkononi. Ananiambia, "Shangazi, ni wivu tu, ananipenda." Nikimwambia kaka atamchapa binti, namjua. Nifanyeje?

Kusi_Lindi: Pole dada. Mrudishie simu yake, yameisha.

Bi_Chikongola: Yameisha wapi, Kusi? Akirudishiwa ghafla, hasira zitamwangukia binti njiani. Mwanangu, usimgombeze, atamkimbilia huyo huyo. Muulize: ukimkatalia jambo, anafanyaje? Kisha nyamaza, msikilize. Piga 116, simu ya watoto, ni bure. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, mpewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Na kama wamelala pamoja, kwa miaka yake hiyo sheria inaita ubakaji, hata akisema aliridhia. Mtu mzima hufungwa si chini ya miaka 30. Wazee wakija kutaka yamalizwe barazani kwa fidia (watakuja tu), wape kahawa, fidia kataa.

MamaVitumbua_Mikindani: Asante bibi. Kijana ana ishirini na kitu. Hiyo PF3 inalipiwa?

Bi_Chikongola: Hailipiwi. Ukidaiwa hela, muone mkuu wa kituo.